Viza ya ukaaji wa muda mrefu: hesabu tarehe kwanza, karatasi baadaye

Wengi wetu tunaanza maombi ya viza kwa kukusanya karatasi. Mtu anafuata cheti cha polisi leo, mwezi ujao anakwenda benki, mwezi wa tatu anatafuta mfasiri, na siku ya miadi anafika dirishani na bahasha nene ambayo nusu ya vilivyomo vimepitwa na wakati. Yamenikuta. Kwenye ombi langu la kwanza nilikuwa na kila kitu kilichotakiwa, ila cheti cha rekodi ya jinai kilikuwa kimefikisha siku 94 tangu kitolewe, na ubalozi ule ulitaka kisizidi siku 90. Siku nne tu. Mtumishi alikirudisha chini ya kioo bila hata kuinua macho, nami nikasubiri miadi mingine kwa wiki sita.

Tangu hapo nimeichukulia kazi hii kuwa kazi ya kalenda. Kila karatasi ina umri wake wa kuishi, na unachotafuta ni siku moja ambayo zote ziko hai kwa pamoja. Mwongozo huu umepangwa hivyo. Mifano mingi ni ya Ulaya, ambako taratibu zake ndizo ninazozijua zaidi, lakini namna ya kuhesabu haibadiliki ukienda kwingine.

Jua unaomba kitu gani

Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao, zina viza mbili ambazo watu huzichanganya. Viza ya C ni ya ukaaji mfupi: siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Viza ya D ni ya kukaa zaidi ya siku 90. Tofauti kubwa haiko kwenye urefu tu. Viza ya C inaongozwa na kanuni moja kwa nchi zote za Schengen, wakati viza ya D kila nchi inaitoa kwa sheria zake yenyewe. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyepata viza ya Ujerumani unaweza kukupoteza kabisa ukiwa unaelekea Hispania. Ukishaipata hiyo D, unaruhusiwa pia kutembelea nchi nyingine za Schengen, kwa ukomo ule ule wa siku 90 ndani ya 180.

Usijidanganye kwamba utaingia na viza fupi kisha uibadilishe ukiwa huko. Kwa kawaida utaambiwa urudi ukaombe upya kutoka unakoishi. Ipo misamaha, lakini usipange maisha yako juu ya msamaha.

Halafu chagua sababu moja ya safari. Masomo, kazi, kuungana na familia, kujitolea, au kuishi kwa kipato chako bila kufanya kazi: kila moja ina orodha yake ya karatasi na haki zake. Mtu mwenye mwenza huko ambaye pia amepata nafasi ya chuo hushawishika kutaja yote mawili, na matokeo yake ni faili ambalo halijakamilika upande wowote. Angalia ni njia ipi una ushahidi mzito zaidi, na ipi inakupa haki unazozihitaji. Viza ya Hispania ya kuishi bila kufanya kazi, kwa mfano, inakufungia mlango wa ajira; ukiomba hiyo ukitegemea kutafuta kibarua ukifika, umejitega mwenyewe.

Swali jingine ambalo watu hulisahau: nani anaanza? Kwa Uholanzi, mara nyingi ni chuo au mwajiri anayepeleka maombi kwenye idara ya uhamiaji ya huko, iitwayo IND, na wewe unakwenda ubalozini kuchukua MVV, yaani stika ya viza ya kuingilia kwa ukaaji mrefu inayobandikwa kwenye pasipoti, baada ya jibu kutoka. Mtu asiyejua hili anaweza kuhangaika miezi miwili akitafuta miadi ambayo bado haihitaji.

Ubalozi upi utakupokea

Ubalozi, au ubalozi mdogo, haupokei kila anayebisha hodi. Una eneo lake la mamlaka, na unahudumia watu wanaoishi kihalali ndani ya eneo hilo. Nchi moja kubwa inaweza kuwa na balozi ndogo nne za taifa moja, kila moja na majimbo yake, na ukipeleka faili kwenye isiyo yako litarudishwa hata likiwa kamili.

Hapa ndipo wanaoishi ugenini hukwama. Kama wewe ni raia wa nchi moja na unaishi nyingine, utaombwa kibali cha ukaaji cha nchi unayoishi, na kibali hicho kiwe kingali hai. Aliyeingia kama mtalii kwa kawaida hapokelewi. Ataambiwa arudi akaombe nchini kwake. Kama kibali chako kinakaribia kuisha, kihuishe kwanza kabla ya kugusa jambo jingine lolote, maana uhalali wa faili zima unakitegemea. Pia tafuta karatasi inayoonyesha anwani yako ya sasa: mkataba wa pango, bili ya umeme au ya maji, au barua ya serikali ya mtaa.

Na kama nchi unayokwenda haina ubalozi unakoishi, usidhani kwamba nchi rafiki inayoshughulikia viza zake fupi itapokea na ile ndefu. Mara nyingi hapana. Utatakiwa kusafiri hadi ubalozi wake uliopewa eneo lako, kwa hiyo nauli na malazi ya safari hiyo viingie kwenye bajeti mapema.

Balozi nyingi siku hizi zimekabidhi mapokezi kwa makampuni kama VFS Global, TLScontact au BLS International. Kazi yao ni kupokea karatasi, kuchukua alama za vidole na picha, na kupeleka faili ubalozini. Hawaamui chochote, na sauti ya upole au ukali ya mtumishi wa pale haina maana yoyote kuhusu jibu lako.

Ukishajua ubalozi wako, fungua tovuti yake yenyewe, tafuta orodha ya mahitaji ya aina ya viza yako, uichapishe na kuandika juu yake tarehe uliyoichapa. Orodha za balozi mbili za nchi moja zinaweza kutofautiana. Orodha ya binamu yako aliyesafiri mwaka juzi ni hadithi; ya kwako ndiyo sheria.

Kalenda ya kurudi nyuma

Chukua karatasi tupu. Chini kabisa andika siku unayotakiwa kuwa umefika, kisha panda kwenda juu. Tuseme unakwenda Ufaransa, masomo yanaanza 1 Oktoba, na unataka kuwa huko tarehe 20 Septemba ili upate siku chache za kutulia. Tuseme pia ubalozi wako unasema huchukua hadi wiki 8. Mimi huongeza mbili za dharura, zinakuwa 10. Ukirudi nyuma wiki 10 kutoka 20 Septemba unaangukia 12 Julai: hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha. Sasa tafuta siku ya mwanzo. Ufaransa haipokei maombi ya viza ndefu zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo huwezi kwenda kabla ya 20 Juni. Dirisha lako basi ni kati ya 20 Juni na 12 Julai. Wiki tatu tu, na miadi lazima idondokee humo.

Endelea kupanda. Tuseme orodha yako ina cheti cha polisi kisichozidi miezi mitatu. Ukiwasilisha 12 Julai, kisiwe kimetolewa kabla ya 12 Aprili. Lakini kinahitaji kuhalalishwa, yaani kugongwa muhuri rasmi wa kuthibitisha kwamba ni halisi, tuseme wiki tatu, kisha kutafsiriwa, wiki moja. Kikitoka mikononi mwa polisi karibu na 20 Mei, kitakuwa tayari 20 Juni na bado kina nafasi ya kupumua. Kikitoka Aprili mwanzoni kinaweza kufa kabla ya miadi. Kikitoka mwishoni mwa Juni hakitakuwa kimetafsiriwa. Ndiyo hesabu yenyewe, na ukiifanya kwa kila karatasi utaona kwamba mpangilio wa kukimbizana nazo unajitokeza wenyewe.

Ili iwe rahisi, mimi huzigawa karatasi katika mafungu matatu. Kuna zisizochakaa: shahada, vyeti vya shule, cheti cha ndoa katika nchi nyingi. Anza na hizo hata mwaka mmoja kabla, zihalalishe, zitafsiriwe, uziweke kando. Kuna zinazochakaa polepole: picha, ambazo zisizidi miezi 6, na cheti cha kuzaliwa, ambacho baadhi ya nchi hutaka kiwe nakala iliyotolewa upya hivi karibuni. Halafu kuna zinazochakaa haraka kama maziwa: polisi, daktari, benki. Hizo ni za mwisho. Taarifa ya benki ichapishe wiki ile ile ya miadi.

Pasipoti inatangulia zote. Namba yake inaingia kwenye kila fomu, kila barua na kila bima. Ukiibadilisha katikati ya safari utaanza kurekebisha kila mahali.

Kuhusu miadi: mara nyingi ndiyo adimu kuliko karatasi zote. Ifuatilie mara tu dirisha lako linapojulikana, hata kama faili halijakamilika, na angalia kalenda ya mtandaoni mara kwa mara kwa sababu wanaoghairi huachia nafasi. Usijiandikishe mara mbili kwa majina yale yale. Baadhi ya mifumo hufuta zote. Na vishoka wanaouza miadi waepuke. Miadi hufungwa kwa jina na namba ya pasipoti, hivyo anachokuuzia kinaweza kukataliwa mlangoni, na hapo huna pa kulalamika.

Karatasi zenyewe

Kwa Schengen pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na angalau kurasa mbili tupu. Urefu wa uhai wake hutofautiana kwa viza ya D, lakini ukiwa na pasipoti inayoisha ndani ya mwaka huo unaokwenda kukaa, ibadilishe sasa. Picha ni milimita 35 kwa 45, uso ukitazama mbele, bila tabasamu, bila kivuli nyuma. Mpigapicha akikuambia "hii inatosha" huku uso umejaa nusu ya fremu, mwambie arudie. Uso unatakiwa uchukue kati ya asilimia 70 na 80 ya urefu wa picha.

Jambo linaloangusha watu bila wao kujua ni majina. Andika kwenye karatasi jina lako kama lilivyo katika kila waraka, mstari mmoja mmoja: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, shahada, benki, barua ya chuo. Ukiona pasipoti inasema Hamisi Juma Saidi, shahada inasema Hamis J. Said, na cheti cha kuzaliwa kina Juma mbele, una kazi. Wewe unajua ni mtu mmoja. Ofisa anayelisoma faili lako hakujui, na halazimiki kubahatisha. Kama muda upo, rekebisha kwenye chanzo. Kama haupo, andaa hati ya kiapo inayotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwamba zote ni zako, kisha ihalalishwe kama waraka mwingine wowote. Tarehe ya kuzaliwa ikitofautiana, kiapo peke yake mara nyingi hakitoshi. Hapo hakuna njia ya mkato, nenda ukaisahihishe.

Kuhalalisha nyaraka kuna njia mbili. Kama nchi iliyotoa waraka na nchi unayokwenda zote ziko kwenye Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, unahitaji muhuri mmoja tu uitwao apostili, unaotolewa na mamlaka maalumu ya nchi iliyotoa waraka. Mkataba huo una nchi zaidi ya 120, na zinaongezeka: kwa Uchina ulianza kutumika 7 Novemba 2023, kwa Kanada 11 Januari 2024. Lakini nchi mwanachama inaweza kupinga kujiunga kwa nyingine, na hapo apostili haifanyi kazi kati ya hizo mbili. Ujerumani na India ni mfano unaojulikana. Kwa hiyo angalia jozi yako, usiangalie nchi moja moja. Kama jozi yako haimo, utafuata mnyororo: taasisi iliyotoa waraka, kisha wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Kila kituo kina siku zake na ada yake.

Halalisha kwanza, tafsiri baadaye. Watu hugeuza mpangilio huu kila siku. Mfasiri anatakiwa kutafsiri na huo muhuri pamoja na maandishi yake, na ukimpelekea waraka usio na muhuri utamlipa mara mbili. Hispania na Ujerumani hutaka mfasiri aliyeapishwa. Balozi nyingi zina orodha ya wanaowatambua. Binamu anayejua Kihispania vizuri hasaidii hapa.

Pesa

Kila nchi ina kiwango chake, na viwango hupanda, kwa hiyo hakikisha cha sasa kwenye tovuti ya ubalozi. Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani huonyesha pesa kupitia akaunti iliyozuiliwa, wenyewe huiita Sperrkonto: kuanzia Septemba 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, na huwezi kutoa zaidi ya mgawo wa mwezi. Hispania hutumia kipimo chake kiitwacho IPREM, ambacho kimekuwa euro 600 kwa mwezi tangu 2023: mwanafunzi anaonyesha asilimia 100 ya hicho, na anayeomba kuishi bila kufanya kazi anaonyesha asilimia 400, yaani euro 2,400 kwa mwezi. Uingereza humtaka mwanafunzi awe na kiasi kinachotakiwa kikiwa kimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Kikishuka chini hata siku moja, hesabu inaanza upya.

Kiasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni chanzo. Akaunti iliyolala na salio dogo miezi mitano, kisha wiki moja kabla ya miadi ikapokea fedha nyingi kwa mkupuo, inasomeka kama pesa za kuazima za kuonyesha. Kama ni halali, kwa mfano umeuza kiwanja, weka mkataba wa mauzo nyuma ya taarifa ya benki na uchore mstari kwa penseli pembeni ya muamala ule. Kama mtu anakudhamini, weka barua yake, kitambulisho chake, taarifa zake za benki, uthibitisho wa kazi yake, na karatasi inayoonyesha mna undugu gani. Barua ya "namfahamu, nitamsaidia" haina uzito.

Bima, polisi, daktari

Bima ya safari inayotosha kwa viza ya C, ile ya kima cha chini cha euro 30,000, inaweza isitoshe kabisa kwa D. Hispania kwa viza za ukaaji hutaka bima kamili ya afya kutoka kampuni inayoruhusiwa kufanya kazi huko, isiyokutoza mchango kila ukienda kwa daktari. Soma sentensi ya orodha neno kwa neno na umpe wakala wa bima aisome pia.

Cheti cha polisi mara nyingi hutakiwa kutoka kila nchi uliyoishi katika miaka kadhaa iliyopita, si ile unayoishi sasa pekee. Kama ulikaa mahali miaka miwili kwa kazi halafu ukahama, anza na hicho cha huko, maana kukipata ukiwa mbali huchukua muda mrefu kuliko vingine vyote.

Cheti cha daktari kinachekesha kwa jinsi kilivyo chepesi na jinsi watu wanavyokikosea. Hispania hutaka kiseme kwamba huna ugonjwa wowote unaoweza kuleta madhara makubwa kwa afya ya umma kulingana na Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005. Daktari wako ataandika "nimempima, ana afya njema" na utarudishwa. Chapisha sentensi ile, mpelekee, mwombe aandike hiyo hiyo, agonge mhuri, aweke tarehe na saini.

Makazi: barua ya bweni, mkataba wa pango au barua ya mwenyeji wako. Usilipe kodi ya mwaka wala tiketi isiyorudishwa kabla ya viza kutoka. Wala usiweke mkataba wa kughushi. Waraka mmoja wa uongo unaweza kukufungia milango kwa miaka, hata kama vingine vyote ni vya kweli.

Fomu na barua ya maelezo

Jaza kila kisanduku. Kisichokuhusu andika kwamba hakihusiki. Ukiulizwa kama umewahi kukataliwa viza, sema kweli. Nchi za Schengen zinatunza kumbukumbu za maombi kwenye mfumo mmoja wa pamoja, na uongo mdogo hugeuka sababu kubwa.

Barua iwe ukurasa mmoja. Haihitaji kusifia uzuri wa nchi yao wala kumwagia ubalozi heshima. Anza hivi: "Naomba viza ya masomo kwa miezi 12 kuanzia 20 Septemba, kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji. Gharama zinalipwa na mama yangu, ambaye taarifa zake za benki ni kiambatisho namba 6." Baada ya hapo eleza kwa nini masomo haya yanafuata kutoka kwenye yale uliyosoma au kazi unayofanya, na kama kuna pengo kwenye historia yako, lieleze wewe kabla hawajauliza. Mwisho linganisha tarehe za barua, fomu, bima na barua ya chuo. Zikipishana, hata kwa wiki moja, rekebisha.

Panga faili kwa mpangilio wa orodha uliyoichapa, karatasi halisi upande mmoja na nakala upande wa pili, bila kubana pini. Piga picha au skani ya kila ukurasa ubaki nayo.

Siku ya miadi na siku za kusubiri

Fika mapema kidogo, na simu yako uwe tayari kuiacha nje. Alama za vidole huchukuliwa zote kumi. Ukiwa na kidonda au bandeji kwenye kidole, uliza kama usogeze miadi. Ada hairudishwi ukikataliwa. Viza ndefu ya Ujerumani ni euro 75, ya Ufaransa kwa kawaida euro 99, juu yake ada ya huduma ya kituo kama kipo. Uliza mapema wanapokea fedha gani na kwa njia gani, kwa sababu vituo vingine havichukui noti na vingine havichukui kadi.

Maswali yakija, jibu kwa ufupi na kwa kile kilicho kwenye faili. Utakaa wapi? Nani analipa? Kozi inaitwaje? Utafanya nini ikiisha? Anayeshindwa kutaja jina la kozi yake ameshajibu maswali mengine yote. Kama mtumishi wa kituo anakuambia karatasi fulani inakosekana na wewe una hakika haitakiwi, muonyeshe orodha uliyoichapa. Kabla ya kuondoka, uliza kama pasipoti inabaki kwao. Kama una safari nyingine katikati, hilo unatakiwa ulijue leo.

Ukishawasilisha, pokea simu za namba usizozijua na angalia barua pepe hata kwenye taka. Ubalozi ukiomba karatasi ya ziada hutoa muda mfupi. Hispania kwa kawaida ni siku 10. Kuandika kila siku kuuliza hali ya ombi hakuharakishi kitu.

Ukikataliwa

Soma sababu iliyotiwa alama kabla hujampigia mtu yeyote simu, na andika tarehe uliyopokea barua, kwa sababu saa inaanza kuhesabu pale. Kwa viza ndefu ya Ufaransa una siku 30 kupeleka rufaa kwenye tume ya rufaa za viza, na ikikataa, mahakama ya utawala ya Nantes. Kwa Hispania unaweza kuuomba ubalozi ule ule ufikirie upya ndani ya mwezi mmoja, au uende mahakama ya Madrid ndani ya miezi miwili. Ujerumani ilikuwa na njia ya kuuandikia ubalozi bure ili uangalie tena. Ilifutwa duniani kote 1 Julai 2025, na iliyobaki ni mahakama ya utawala ya Berlin au kuomba upya.

Maoni yangu: kama walikataa kwa karatasi iliyokosekana au pesa isiyoeleweka, omba upya ukiwa umeziba tundu hilo, mara nyingi ni haraka kuliko rufaa. Kama walisoma vibaya kilichokuwemo, kata rufaa na uwaonyeshe ukurasa. Kuomba upya na faili lile lile ni kulipa ada mara mbili kwa jibu moja.

Stika ikitoka

Isome pale pale dirishani. Jina, namba ya pasipoti, aina ya viza, idadi ya kuingia, tarehe ya kuanza na ya kuisha, ukikumbuka kwamba siku hutangulia mwezi. Kosa likionekana hapo, unalirudisha kupitia dirisha lile lile. Likionekana uwanja wa ndege umechelewa.

Angalia pia kama stika ni ya kukaa au ya kuingilia tu. Viza ya ukaaji ya Ureno kwa kawaida ni ya miezi 4 na kuingia mara mbili, ukitarajiwa kuchukua kibali ndani ya kipindi hicho. MVV ya Uholanzi ni ya siku 90. Faili lako libebe kwenye mkoba wa mkononi, maana ofisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza pesa, makazi na sababu ya safari hata ukiwa na viza.

Halafu kalenda inaanza tena, safari hii kwa kwenda mbele. Italia inakupa siku 8 za kazi tangu kuingia kuomba kibali cha ukaaji, na fomu zake huchukuliwa posta. Hispania, mwezi mmoja kuomba kadi ya mgeni iitwayo TIE. Ufaransa, kama stika yako ni ya aina inayohesabika kuwa kibali, miezi mitatu kuithibitisha mtandaoni na kulipa kodi yake. Ujerumani, wiki mbili tangu kuhamia kwenye nyumba kujiandikisha manispaa, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli umehamia. Miadi ya manispaa kwenye miji mikubwa nayo ni ya kugombea, kwa hiyo iweke kabla hujapanda ndege, na mwenye nyumba mwombe fomu hiyo siku ile ile anayokukabidhi ufunguo.